Uzi: Baby June, mtoto aliyelisha familia kabla hajajua kusoma

FundiRedio

Wakuu, habari za jioni. Leo umeme umekatika tangu saa nane, redio za watu zimelala mezani matumbo wazi, nami sina la kufanya. Basi nishushe uzi niliowaahidi kwenye ule mjadala wa watoto wanaorekodiwa na wazazi wao ili kutafuta wafuasi. Nitaandika kwa vipande, msinikimbize.

Kwanza mjue vodevili ni kitu gani. Kabla sinema haijapata sauti, Mmarekani wa kawaida akitaka burudani alikwenda jumba la vodevili. Tiketi moja, anaona makundi manane mpaka kumi yakipokezana jukwaani: mchekeshaji, mwimbaji, mrusha sahani hewani na kuzidaka, mwanamazingaombwe, mtu na mbwa wake. Hakuna hadithi inayowaunganisha. Kila mmoja ana dakika zake, akimaliza anashuka. Wanaofungua ni wanasarakasi au wanyama waliofunzwa, kwa sababu watu bado wanatafuta viti na hakuna anayesikiliza maneno. Nyota anawekwa wa pili kutoka mwisho. Ukipangwa wa mwisho kabisa, jua unachezea migongo ya watu wanaokwenda zao.

Majumba yalikuwa chini ya makampuni machache. Mashariki Keith na Albee, magharibi Orpheum. Ukiwaingia, wanakuzungusha mji hadi mji kwa treni, miezi na miezi. Wa daraja la juu walipanda mara mbili kwa siku. Wa daraja la chini mara tano, hata sita.

Sasa familia yenyewe. Seattle, pembe ya kaskazini-magharibi ya Marekani. Msichana anaitwa Rose Thompson, hajafika hata miaka 20, anaolewa na John Hovick, mfanyakazi wa idara ya matangazo gazetini. Wanapata binti wawili. Mkubwa Rose Louise, 1911. Mdogo Ellen June, aliyezaliwa Vancouver, Kanada, Novemba 1912. Ndoa ikavunjika watoto wakiwa wadogo kabisa.

Rose mwenyewe alikuwa na kiu ya jukwaa isiyowahi kukatwa. Na huyu mdogo, June, akagundulika ana kipaji cha ajabu: angali wa miaka miwili au mitatu anasimama kwa ncha za vidole vya miguu, bila kufundishwa. Mnaelewa? Wacheza baleti wanasota miaka ndipo waweze. Mtoto wa chekechea anaweza.

Rose akaona njia.

mama_kevo

Wacha nikae hapa mbele na chai yangu. Huyo mkubwa Louise naye alikuwa anafanya nini?

FundiRedio

@mama_kevo Hilo ndilo swali la uzi mzima, nitalifikia. Kwa sasa jua tu kwamba hakuwa na sauti, hakuwa na miguu ya kucheza, na alikuwa mnene kidogo. Walimvalisha suruali kama mvulana, akasimama nyuma.

Tuendelee. Walianzia kwenye sherehe za vyama ambako babu yao alikuwa mwanachama, kina mama na wazee wanapiga makofi. Kisha majukwaa madogo, kisha sinema bubu za Hollywood, filamu fupi za studio ya Hal Roach. Humo ndimo kuna kisa ambacho June alikisimulia uzeeni. Mwongozaji anataka mtoto alie. Mtoto halii, ana furaha zake. Mama anamwinamia sikioni, anamwambia mbwa wako amegongwa sasa hivi, amekufa. Machozi yanatiririka, kamera inazunguka. Ikishazimwa, mbwa yuko hai. Kesho wanahitaji machozi mengine.

Nimekisoma hicho kipande nikanyanyuka nikaenda nje kupunga upepo.

Jukwaani alitangazwa kama Baby June, Pavlova wa mfukoni, yaani yule mcheza baleti mkubwa wa Urusi, Anna Pavlova, ila wa kutia mfukoni. Alipokua kidogo jina likabadilika: Dainty June, pamoja na kundi la wavulana waliovaa kama wauza magazeti wa mtaani. Kulikuwa na ng'ombe wa kitambaa pia, watu wawili ndani, mmoja kichwa mmoja mkia, na June anamwimbia ng'ombe. Watu wazima walilipa kutazama hilo, na walilipa vizuri.

Walipofika kilele kwenye mzunguko wa Orpheum, kundi lilikuwa likipata dola 1,500 kwa wiki. Nipige hesabu ya fundi: tangu 1914 Ford alisifika dunia nzima kwa kumlipa mfanyakazi dola 5 kwa siku, tena watu walisema ana wazimu. Siku sita ni dola 30. Kwa hiyo wiki moja ya June ni karibu mwaka mzima wa baba mwenye familia aliyesimama kwenye mnyororo wa kuunganisha magari.

Na mtoto huyo hakuwa na dawati, hakuwa na darasa. Alikuwa na mwalimu wa kuambatana nao kwa vipindi, basi.

Chalii_wa_Kaloleni

Dola 1,500 halafu mnalia? Mimi wazazi wangu walinituma sokoni kuuza mifuko bure. Angekuwa mwanangu ningemnunulia viatu vya chuma acheze mpaka asubuhi 😂

Sajenti_Mstaafu

Vijana, tulieni. Mnampima mwanamke huyu kwa mizani ya leo. Ameachika, ana watoto wawili, miaka ya 1910, hana cheti wala cheo. Alikuwa na njia ngapi? Kufua, kushona, kuolewa tena. Kwetu pia mtoto alichunga mbuzi akiwa na miaka mitano na hakuna aliyeita polisi. Mtoto kusaidia nyumbani ni malezi.

FundiRedio

Shikamoo Sajenti. Nakubaliana nawe nusu. Mtoto anayechunga mbuzi anajua mbuzi ni wa nyumba yao, na jioni maziwa anakunywa. Huyu alikuwa ndiye mbuzi mwenyewe, mzee wangu.

Halafu kuna suala la sheria, usidhani enzi hizo hapakuwa na macho. New York kulikuwa na chama cha kuzuia ukatili kwa watoto tangu miaka ya 1870. Wasanii walikiita Gerry, kwa jina la kiongozi wake Elbridge Gerry. Hao waliogopwa majukwaani kuliko wadai wa kodi ya nyumba. Mtoto wa chini ya miaka 16 kupanda jukwaani kulihitaji kibali, na majimbo yalitofautiana: huku ruhusa, kule marufuku, huku kucheza hapana ila kuongea sawa.

Rose alikuwa na dawa yake: vyeti vya kuzaliwa vya kughushi, zaidi ya kimoja. Kwa konda wa treni June alikuwa mdogo, nauli ishuke. Kwa mkaguzi wa ajira ya watoto alikuwa mkubwa, onyesho liendelee. Treni hiyohiyo, siku hiyohiyo. Matokeo yake, June alikuwa mtu mzima asiye na hakika na umri wake.

Si Rose peke yake, tusimwonee. Buster Keaton, yule mchekeshaji wa filamu bubu, alikuwa akirushwa jukwaani na baba yake kama gunia, nguo yake imeshonewa mshikio wa begi mgongoni ili baba apate pa kukamatia. Judy Garland alipandishwa jukwaani kabla hajatimiza miaka mitatu, Desemba 1924, kwenye jumba la sinema la baba yake kule Grand Rapids, Minnesota. Ilikuwa biashara ya familia, kama vile sisi tulivyo na duka la kona.

BintiWaPemba

Mimi huwa nasoma tu humu, siandiki. Lakini Kaka Fundi umenigusa pabaya na hilo la mbuzi.

Nilikuwa naimba harusini tangu nina miaka minane. Kikundi cha taarabu cha mtaani, wakubwa wote, mimi nasimamishwa juu ya kreti la soda ili nionekane. Wimbo mmoja, mara nyengine mbili. Na nyinyi mnajua harusi za kwetu kutunza. Mama watu wanakuja wanacheza taratibu mpaka mbele yangu, noti inabandikwa kwenye paji la uso, mimi naendelea kuimba nisicheke. Jasho ndilo gundi. Mama yangu amesimama ubavuni, noti ikianguka tu anaidaka, anaifunga pindo la leso. Sikuwahi kuishika hata moja. Harufu yake ndiyo ninayoikumbuka, noti zilizokaa kifuani mwa watu, manukato na jasho.

Baba alikuwa keshafariki. Nyumba ilikula kwa sauti yangu, nalijua hilo. Nilipofika kumi na nne nikasema siimbi tena, nataka mitihani. Mama hakunipiga. Alininyamazia tu, karibu mwaka.

Simlaumu. Au namlaumu, sijui. Endelea na kisa.

mama_kevo

@BintiWaPemba pole sana mpenzi. Asante kwa kuandika.

Chalii_wa_Kaloleni

Dada nifute ile ya viatu vya chuma. Samahani.

FundiRedio

Dada, ahsante. Ulivyosema "sijui" ndivyo June alivyoishi na mama yake, naona.

Kipande cha kutoroka sasa.

Mwisho wa miaka ya ishirini jahazi lilianza kuvuja. Oktoba 1927 sinema ya sauti, The Jazz Singer, ikatoka. Mwaka uliofuata Keith-Albee na Orpheum zikaungana, kisha zikamezwa ndani ya RKO, kampuni ya filamu. Wenye majumba walipiga hesabu nyepesi: makopo ya filamu hayali, hayaumwi, hayadai chumba cha hoteli. Na June ndiyo kwanza anakuwa mwanamke, huku angali akivalishwa rinda la mtoto na mashada ya nywele, anaimba kwa sauti ya kitoto. Mama hakutaka kuona. Mtoto mdogo ndiyo bidhaa, na bidhaa ilikuwa inakua.

Mwishoni mwa 1928 akatoroka na mmoja wa wavulana wa kundi, Bobby Reed, wakaoana. Ukifuata mwaka 1912 alikuwa na miaka 16. Yapo masimulizi yanayosema 13. Vile vyeti, mnaona?

Rose akaita polisi, kijana akakamatwa. June alisimulia kwamba mama alifika kituoni na bastola ndani ya koti, akamlenga kijana, akafyatua, haikulia. Kifungio cha usalama kilikuwa hakijaondolewa. Mwanamke aliyeweza kusoma ratiba za treni za nchi nzima, akashindwa na kifungio cha bastola.

June sasa yuko huru, hana shule, kazi pekee anayoijua imekufa, na mdororo wa uchumi wa 1929 unabisha hodi. Akaingia kwenye mashindano ya kucheza mpaka kuanguka. Wale waliosoma historia ya Marekani wanayajua: wachezaji wawili wawili, dakika 45 miguu inatembea, dakika 15 kupumzika, kila saa, usiku na mchana, wiki kwa wiki. Chakula wanakula wamesimama kwenye meza ndefu huku miguu inasogea. Mmoja analala begani mwa mwenzake, huyo mwenzake anamkokota asiguse chini kwa magoti, maana magoti yakigusa wametolewa. Watu walilipa tiketi kutazama hilo pia. June alidumu humo, kwa sababu kulikuwa na chakula mara nyingi kwa siku na yeye miguu ndiyo mtaji wake tangu utotoni.

Baadaye alipanda ngazi kweli. Aliigiza Broadway, kwenye yale majumba makubwa ya michezo ya New York, katika mchezo wa Pal Joey, 1940, kisha filamu, akaandika vitabu viwili vya maisha yake, na hayo mashindano akayatungia mchezo wa jukwaani uliochezwa Broadway mwaka 1963, akauongoza mwenyewe.

Mla_Mihogo

Mkuu, na weusi je kwenye hiyo vodevili? Au ndiyo yaleyale?

FundiRedio

@Mla_Mihogo Yaleyale na zaidi. Wengi walikuwa na mzunguko wao wa kusini, TOBA (kifupi cha jina la Kiingereza la chama cha wenye majumba), malipo hafifu, vyumba vya kubadilishia vibovu, na safari za usiku kwenye miji ambayo hoteli hazikuwapokea. Mtoto ninayemkumbuka ni Florence Mills, mzaliwa wa Washington 1896, wazazi wake walizaliwa utumwani. Alianza kama Baby Florence, kisha na dada zake. Akaja kuwa malkia wa Harlem, mtaa wa weusi kule New York, na wa London, akafa Novemba 1927 akiwa na miaka 31 tu, na maelfu ya watu wakafurika mitaa ya Harlem siku ya mazishi. Huyo anastahili uzi wake, tena mrefu kuliko huu.

mama_kevo

Fundi, usinisahau. Louise!

FundiRedio

Haya, Louise. Suruali za kivulana, nyuma ya kundi, kitabu mkononi wakati wengine wanafanya mazoezi.

June alipotoroka, mama aligeuka akamtazama huyu asiye na kipaji. Ndiyo aliyebaki. Akaundiwa kundi lake la wasichana, wakatembezwa kwenye majumba yaliyobaki, na majumba yaliyobaki ni yale ya wanawake wanaovua nguo jukwaani. Louise akaanza kuvua. Ila alivua kwa namna yake: glavu moja, dakika nzima anaongea na watu, anawachekesha, anataja waandishi na wanafalsafa, pini moja inaanguka. Hakuvua kitu hasa. Akajiita Gypsy Rose Lee, na kufikia katikati ya miaka ya thelathini alikuwa maarufu kuliko dada yake alivyowahi kuwa. Asiye na kipaji!

Mama aliendelea kuwazunguka wote wawili, barua, madai ya pesa, vitisho vya kwenda magazetini. Walimlipa. Alikufa Januari 1954. Na tazameni tarehe: kitabu cha Gypsy cha maisha yao kilitoka 1957, mama akiwa kaburini, hawezi kwenda kwa mwanasheria. Mei 1959 kikawa mchezo mkubwa wa nyimbo Broadway, Ethel Merman akicheza mama.

Hapa ndipo nilipotaka kuwaleta tangu mwanzo. Mchezo ule ni hadithi ya mama na Louise. June yumo kama katoto kenye kelele kanakoimba kitoto, kisha kanatoroka, basi, hakaonekani tena. Mtu aliyefanya kazi tangu miaka miwili, aliyenunua kila mkate uliowafikisha hapo, amekuwa kionjo cha sehemu ya kwanza. June aliumia. Alikataa kusaini ruhusa kwa muda, wakati mazoezi yanaendelea. Mwishowe akakubali kwa ajili ya dada yake. Waandaaji nao wakauita mchezo wao ngano, yaani hekaya, na ngano haina kiapo.

Yaani mshahara ulichukuliwa na mama, utoto ukachukuliwa na dada. Na dada alikuwa na haki pia ya kusimulia, maana alikuwepo, nyuma, ndani ya suruali ya mvulana. Hapo ndipo ninapokwama wakuu, niambieni nyie.

Sajenti_Mstaafu

Marahaba, nilisahau kuitikia. Mwanangu, swali moja. Hizo dola 1,500, mtoto hakuwa na haki nazo kisheria?

FundiRedio

Hapana mzee. Sheria ilisema mapato ya mtoto mdogo ni ya mzazi. Kwa hiyo kisheria hata mwizi hakuwepo. Iliyobadilisha ni kesi ya Jackie Coogan, yule mtoto aliyecheza na Chaplin mwaka 1921. Alipotimiza umri akauliza fedha zake, mamilioni, akaambiwa hakuna. Alimshtaki mama yake na baba wa kambo mwaka 1938, akaambulia kama dola 126,000. California ikapitisha sheria 1939 kwamba sehemu ya mapato ya mtoto iwekwe pembeni. June wakati huo alikuwa mtu mzima anayelipa kodi yake ya nyumba.

Sajenti_Mstaafu

Basi hiyo ya mbuzi nakuachia.

Chalii_wa_Kaloleni

Alikufa lini huyu June?

FundiRedio

Machi 2010, Connecticut. Umri unaokubalika ni miaka 97. Dada yake alitangulia mapema sana, 1970, saratani ya mapafu. Kwa hiyo June alikaa miaka 40 akiulizwa na waandishi wa habari kuhusu ule mchezo. Alinunua vijumba vya zamani kando ya reli huko Connecticut, akavikarabati, akafuga wanyama waliotupwa. Kando ya reli, jamani. Ningekuwa mimi nisingetaka kusikia treni tena.

Umeme umerudi. Narudi mezani, mwenye redio ya kwanza amekuja mara mbili.

BintiWaPemba

Kaka Fundi, nilikaa na uzi huu usiku mzima. Asubuhi nimempigia mama. Sikumwambia nimesoma nini, nimemuuliza tu: zile noti za harusini ulizipeleka wapi?

Akacheka kwanza. Akasema alikuwa akizitia kwenye kopo la maziwa, na kopo likijaa ananunua bati. Nyumba ile ilitoka makuti ikawa bati kwa noti zile. Anayakumbuka yote: mawili ya harusi ya fulani, matatu ya ile ya mtoto wa sheha. Nilikuwa sijui kwamba alikuwa akihesabu.

Nikamwambia, basi lipi langu?

Akanyamaza. Kisha akasema, la jikoni, lile lisilovuja.

mama_kevo

😭😭 Binti, andika uzi wako.

Mla_Mihogo

Fundi, wa Florence Mills lini?

FundiRedio

Umeme ukikatika.